Kamba Isiyorudisha Mtu

Mwanamieleka akimshika mwenzake mkono na kumrusha kwenye kamba za ulingo, anayerushwa hukimbia hadi kwenye kamba, huzigusa kwa mgongo, kisha hurudi mbio kulifuata pigo linalomngojea. Aliyezoea mieleka ya Kimarekani kwenye televisheni ameliona jambo hili mara nyingi mno hata haliulizi tena. Lakini liulize. Kamba zile hazina nguvu ya kumrudisha mtu mzima wa kilo mia mbio namna hiyo. Angeweza kuzishika akasimama. Anarudi kwa sababu amekubali kurudi, na mechi nzima imejengwa juu ya kukubali huko.

Mwaka 1984, Wajapani wachache wakakataa kurudi.

Chama chao kiliitwa UWF. Hakikudumu hata miaka miwili, lakini mtindo kilioanzisha mpaka leo mashabiki wa Japani huutaja kwa herufi yake ya kwanza tu, U. Walikuwamo Akira Maeda, kijana mrefu wa Osaka mwenye mateke mazito, Nobuhiko Takada, mdogo wake kiumri na kipenzi cha umati, Kazuo Yamazaki, Yoshiaki Fujiwara, fundi wa kubana viungo aliyekuwa kwa miaka mshirika wa mazoezi wa Antonio Inoki, nyota wa chama cha New Japan. Alikuwamo pia Satoru Sayama, ambaye muda mfupi kabla alikuwa amevaa kinyago cha Tiger Mask na kuruka angani hadi watoto wa nchi nzima wakawa wanamwiga. Watu hawa wakaondoa kurukaruka, wakaondoa kupanda juu ya nguzo za pembeni, wakaondoa kukimbilia kamba. Walibakiza mateke, magoti, makofi ya kiganja (ngumi iliyofungwa ilikatazwa), kumbwaga mtu kwa kisogo, na zaidi ya yote, kumkunja mwenzio mkono au mguu mpaka asalimu amri.

Kamba ikabaki na kazi moja tu. Tazama mechi yoyote ya Fujiwara ya miaka ile. Wote wawili wako chini. Fujiwara ameukumbatia mguu wa mwenzake kwapani, na mfupa wa kigasha chake umekaa juu kidogo ya kisigino, pale kano inapopita karibu kabisa na ngozi. Haonekani kufanya kitu. Anajinyoosha kidogo kwenda nyuma, basi. Mwenzake anapiga yowe, anageukia tumbo, anaanza kujivuta kwa viwiko. Kamba iko mita moja na nusu mbele yake. Anajivuta, anakwama kwa sababu Fujiwara amejinyoosha tena, anajivuta. Ukumbi wa Korakuen jijini Tokyo, unaoingiza watu takriban elfu mbili, umetulia hata unasikia turubai likikwaruzwa. Vidole vinaifikia kamba ya chini. Refa anapaza sauti, Fujiwara anaachia papo hapo, watu wanapiga makofi.

Wanampigia makofi mtu aliyeshindwa kujinasua. Hilo ndilo lililonivuta kwenye mieleka hii na bado sijalimaliza. Miaka michache baadaye chama cha Takada, UWF International, kililipangia bei: kila mpiganaji aliingia na pointi 15, ukishika kamba ili uokoke, pointi moja imekwenda, ukiangushwa kwa pigo, tatu, zikiisha umeshindwa, hata kama bado umesimama kwa miguu yako. Ndondi huhesabu ulivyompiga mwenzako. Hapa kilichoandikwa ubaoni ni mara ulizokiri mbele ya watu kwamba huwezi kujitoa peke yako.

Na hesabu yote hiyo, tusidanganyane, ilikuwa imepangwa.

Mechi za mtindo wa U, isipokuwa chache, mshindi alijulikana kabla kengele haijalia. Wahusika kadhaa wamelisema wenyewe hadharani baadaye. Teke lilikuwa teke, na ngozi ya paja iligeuka nyekundu kisha zambarau. Kano ilivutwa kweli. Lakini nani angesalimu amri lilikuwa jambo la kukubaliana. Watazamaji wa wakati ule hawakuambiwa hivyo. Waliuziwa kinyume chake: kwamba wengine wote ni waigizaji na hawa peke yao ndio wanaopigana. Walinunua. UWF ya pili, iliyofufuliwa Mei 1988, iliufikia uwanja wa Tokyo Dome tarehe 29 Novemba 1989, na waandaaji wakatangaza watazamaji 60,000. Siwatetei katika hilo. Mtu aliyelipa tiketi akiamini anaona mashindano, akaonyeshwa maafikiano, ametapeliwa, hata kama walioafikiana walitoka na mbavu zinazouma.

Ila tukilimaliza suala kwa neno "utapeli" tutakuwa tumelikimbia. Ule mguu uliokuwa kwapani mwa Fujiwara uliuma kweli. Yule aliyekuwa akijivuta kuelekea kamba alijua ataifikia, na aliumia njia nzima. Ni kitu gani hicho, kukiri kulikopangwa kwa maumivu yasiyopangwa? Si uongo kamili, na si ukweli wa aina tunayoijua mahakamani au uwanjani.

Mfaransa Roland Barthes aliandika juu ya mieleka katika kitabu chake cha mwaka 1957, akasema mtazamaji wa mieleka hajishughulishi hata kidogo kujua kama pambano limepangwa. Anachotaka ni kuona, si kujua. Mateso, ushindi na haki vinaonyeshwa waziwazi, vikubwa kuliko maisha, na hilo linamtosha. Kwa mieleka ya Paris ya enzi zake naamini alikuwa sahihi. Lakini mpeleke Korakuen akae karibu na kijana wa Kijapani wa mwaka 1988, kijana aliyekaa kimya, mikono mapajani, akifuatilia kigasha na kano kwa macho ya fundi anayekagua kazi ya fundi. Huyo anajishughulisha mno. Anataka kujua. Amechoshwa na mateso makubwa kuliko maisha. Anataka yaliyo sawa na maisha.

Kiu hiyo ilikuwa na historia. Mieleka ya kulipwa ya Japani ilianza na swali hilohilo kooni: ni kweli au imepangwa? Rikidozan, mzaliwa wa Korea aliyekuwa mcheza sumo na ambaye mapambano yake na wanamieleka wa kigeni yaliwajaza watu mbele ya televisheni za mitaani mwaka 1954, alimalizia mwaka huohuo kwa kumpiga Masahiko Kimura, gwiji wa judo, katika pambano ambalo Kimura mpaka mwisho wa maisha yake alishikilia kwamba walikuwa wamekubaliana sare. Halafu akaja Karl Gotch, Mbelgiji aliyenolewa katika jumba la mazoezi la Billy Riley huko Wigan, mji wa wachimba makaa wa kaskazini mwa Uingereza, ambako watu walivunjana viungo Jumamosi na kwenda kazini Jumatatu. Marekani hawakuwa na kazi kubwa ya kumpa. Japani walimwita mungu wa mieleka. Alimfundisha Inoki, akamfundisha Fujiwara, akawafundisha hao vijana wa UWF, na alichowafundisha ni kwamba chini ya maigizo lazima kuwe na kitu kinachoweza kumuumiza mtu kweli, hata kama hukitumii kamwe.

Inoki alikitumia hadharani, na matokeo yake yalipaswa kuwafunza wote. Tarehe 26 Juni 1976, katika ukumbi wa Nippon Budokan, alikutana na Muhammad Ali. Ali huyu ndiye aliyekuwa Kinshasa miezi ishirini kabla, akaziegemea kamba raundi baada ya raundi mpaka George Foreman akaishiwa nguvu, na Wakongo wakapata hadithi ya kuwasimulia wajukuu. Tokyo hapakuwa na hadithi. Hakuna aliyekubali kumpa mwenzake chochote. Inoki alilala chali karibu raundi zote 15, akirusha mateke kwenye miguu ya Ali. Ali akamzunguka, akamtukana, akamwita asimame, akatupa ngumi za kuhesabika. Ilipofika hatari alishika kamba. Matokeo yakawa sare. Watu wakatupa takataka ulingoni wakidai pesa zao, na Ali akaishia hospitalini, miguu imevimba na damu imeganda ndani yake. Lilikuwa, kwa kila dalili, pambano la kweli. Na lilikuwa baya kutazama kupita kiasi.

Mashabiki wa mieleka huliona kama ajali, mimi naliona kama maelezo. Mabingwa wawili wakipambana bila makubaliano, kazi kubwa ya kila mmoja ni kumziba mwenzake asionyeshe anachokijua. Ustadi wa Inoki ulionekana kwa ngumi ambazo Ali hakuzirusha. Ustadi wa Ali ulionekana kwa mishiko ambayo Inoki hakuipata. Walipofutana, pakabaki mtu aliyelala na mtu anayemzunguka. Ukweli wa matokeo ulikuwepo mzima, lakini ulichokifunua juu ya wale watu wawili kilikuwa kidogo.

Sasa mtazame Volk Han, bingwa wa sambo (mieleka ya Kirusi) kutoka Dagestan aliyeletwa na Maeda mwishoni mwa 1991 kwenye chama chake kipya, RINGS. Han anaushika mkono, mkono unatoka, anauacha utoke, kwa sababu mguu wake tayari umezunguka shingo. Mwenzake anajipindua kuokoa shingo na kumbe amempa goti. Mishiko inafuatana hadi hujui uangalie kiungo kipi. Mengi ya hayo katika pambano lisilo na maafikiano yangezuiwa kwenye hatua ya kwanza. Na bado Han hakuwa anaigiza kitu asichokuwa nacho: alipoanza baadaye kupigana mapambano ya wazi, akiwa anakaribia miaka arobaini, aliwasumbua vijana. Makubaliano hayakumpa ustadi. Yalimpa nafasi, na nafasi hiyo alipewa na mtu aliyekubali kumwachia kiungo.

Hapo ndipo ninapoona maana ya mieleka hii inapokaa, na lugha yetu ina neno la kuishikia: amana. Kila anayeingia katika mechi ya namna hii humkabidhi mwenzake mwili wake uwe amana kwa dakika kumi na tano. Mguu huu, shika. Kifua hiki, piga. Uuvute mguu hadi pale na usipite, ukipige kifua kweli na usikivunje. Katika mieleka ya kawaida amana ni hiyohiyo, ila anayeipokea huichukua kwa ncha za vidole. Hawa wanaishika barabara, na mtazamaji anaona uzito wake. Teke halisi ni risiti.

Kama unataka kujua amana inavyoliwa, soma habari za 19 Novemba 1987. Maeda na wenzake walikuwa wamerudi katika chama cha Inoki, New Japan, baada ya UWF ya kwanza kufa. Katika mechi ya watu wengi pale Korakuen, Riki Choshu, aliyekuwa upande wa pili, alikuwa ameinama, mikono yote miwili imeshika miguu ya mwenzake Maeda. Maeda akaja na kumpiga teke la uso. Mfupa wa pembeni ya jicho ukavunjika. Maeda alisimamishwa, kisha akafukuzwa, na kufukuzwa huko ndiko kulikozaa UWF ya pili na kumfanya shujaa wa vijana. Ajabu yake ni kwamba teke lile, kwa nguvu, halikuwa tofauti na mateke aliyowahi kuwapiga Takada na Yamazaki mara nyingi nao wakamshukuru. Tofauti ilikuwa mikono ya Choshu. Ilikuwa imeshughulika. Hakukiweka kifua, hakuliona teke likija, hakukabidhi. Wazee wetu walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini hapa mzaha ulikwisha kabla ya pigo, pale mtu mmoja alipoamua peke yake kwamba yeye yuko kwenye ukweli na mwenzake bado yuko kwenye mchezo. Vijana waliomshangilia Maeda walidhani wameona ukweli ukipenya. Mimi naona mtu amempiga mwenzake aliyekuwa na mikono iliyojaa.

Lakini kiu haikuzimwa, na kwa muda ilionekana ina jibu rahisi. Kama maafikiano ndiyo kasoro, yaondoe. Sayama alikuwa wa kwanza. Alitoka UWF mwaka 1985 akaanzisha Shooto, mchezo wa mapambano yasiyopangwa. Masakatsu Funaki na Minoru Suzuki, wanafunzi wa Fujiwara, wakafuata na Pancrase. Onyesho lao la kwanza, tarehe 21 Septemba 1993, lilikuwa na mapambano matano, na ukijumlisha muda wote wa kupigana haufiki robo saa. Watu walitumia muda mrefu zaidi kutafuta viti vyao. Ulikuwa usiku mzuri, nadhani, kwa kushtua: hivi ndivyo mkono unavyovunjwa ikiwa hakuna anayesubiri mwenzake afike kwenye kamba.

Takada ndiye aliyelipia deni la wote. Kwanza mwenzake wa UWF International, Yoji Anjo, alikwenda Los Angeles mwishoni mwa 1994 kumchokoza Rickson Gracie, bingwa wa jiu-jitsu wa Kibrazili, katika jumba lake la mazoezi, na akatoka humo uso umevimba usitambulike. Kisha, tarehe 9 Oktoba 1995, chama hicho kikiwa kimeelemewa na hali ya fedha, Takada aliingia Tokyo Dome kupambana na Keiji Muto wa New Japan. Alishindwa kwa mshiko wa miguu wa kizamani wa Kimarekani, ule ambao watu wa U waliutaja siku zote kama mfano wa upuuzi. Mpangaji wa mechi za New Japan wakati huo alikuwa Riki Choshu. Sidhani kama alihitaji kuandika barua ya malalamiko.

Miaka miwili baadaye, 11 Oktoba 1997, katika uwanja uleule, chama kipya kiitwacho PRIDE kilimpandisha Takada dhidi ya Rickson mwenyewe. Safari hii hapakuwa na cha kukubaliana. Takada alizunguka pembezoni, akanyanyuliwa, akalazwa, akasalimu amri kwa mkono kabla dakika tano hazijatimia. Wapo waliolia. Mtu ambaye kwa miaka mingi alikuwa ameonyesha jinsi shujaa anavyoteseka na kujivuta hadi kwenye kamba alifikishwa mahali ambapo kushika kamba hakuuokoi mkono. Walirudiana mwaka uliofuata, tarehe ileile. Mkono tena.

Wengi huishia hapo: uongo ulifichuka, ukweli ukatawala. Ila aliyelipiza kisasi kwa niaba ya Wajapani alikuwa Kazushi Sakuraba, kijana aliyelelewa katika mechi zilizopangwa za UWF International. Tarehe 1 Mei 2000 alipigana na Royce Gracie, mdogo wake Rickson, dakika 90 hadi upande wa Gracie ukatupa taulo. Na Sakuraba aliyaingiza maigizo ndani ya ukweli bila aibu: alivaa vinyago akiingia, alipiga sarakasi juu ya miguu ya mpinzani, alimpiga mtu makofi pacha ya mabegani kama ya kwenye mieleka ya watoto. Alijua kwamba mtu aliyelipa tiketi anastahili kuonyeshwa kitu hata pale ambapo hakuna anayejua nani atashinda. Sidhani angejifunza hilo Pancrase.

Baada ya 1997 mtindo wa U ulipaswa kufa. Aliyetaka ukweli wa matokeo sasa alikuwa na PRIDE. Aliyetaka maonyesho alikuwa na New Japan. Katikati kulikuwa na nini cha kuuza? Na katikati hapo ndipo palipotokea mechi ambazo mimi, nikiambiwa nichague, nitazichagua mbele ya zote zilizotangulia. Yuki Ishikawa, mwanafunzi mwingine wa Fujiwara, alikuwa ameanzisha Battlarts mwaka 1996, chama kidogo cha mkoa wa Saitama chenye kumbi ndogo na pesa za kuungaunga. Mtindo wao waliuita bachi-bachi, sauti ya kitu kinachoruka cheche. Hawakuwa na haja ya kumdanganya mtu kwamba hayakupangwa; hakuna aliyebaki wa kudanganywa.

Ishikawa na Daisuke Ikeda walikuwa wenza wa kazi hii kwa miaka. Ishikawa mishiko, Ikeda mapigo. Ikeda anamwendea mwenzake aliye magotini na kumpiga teke la mgongo, na sauti yake si ile ya kofi la maonyesho, ni nzito na fupi, puu, sauti ambayo mtu aliyewahi kuanguka kwenye ngazi anaijua. Ishikawa hapigi yowe. Anafumba macho, anatabasamu vibaya, anainuka nusu, anaomba jingine kwa kichwa. Anapata la kifua. Safari hii anaudaka mguu, anajitupa nao chini, na ghafla Ikeda ndiye anayetafuta kamba kwa vidole. Hakuna mkanda wa maana unaogombewa. Hakuna televisheni kubwa. Ukumbini kuna watu mia kadhaa, na ukitazama nyuso zao hakuna anayejiuliza kama ni kweli. Wanajua kipi kimepangwa na kipi hakiwezi kupangwa, na wamekuja kwa hicho cha pili.

Maeda alipokuwa akipiga, teke lilikuwa ushahidi: tazameni, sisi si waongo. Ikeda anapopiga hakuna mashtaka ya kujibu. Teke halithibitishi kitu. Limebaki kuwa neno baina ya watu wawili, linalosemwa mbele yetu, na sisi tunaruhusiwa kusikiliza. Uongo ulipoondoka, nilitegemea maumivu nayo yaondoke, maana yalikuwa ulinzi wa uongo huo. Hayakuondoka. Yalikuwa na kazi nyingine.

Nayasema haya nikijua upande wa pili, na upande wa pili una jina la mtu. Katsuyori Shibata, mtoto wa mwanamieleka, aliacha mieleka akaenda kupigana mapambano ya wazi kwa miaka kadhaa, akapoteza mengi, akarudi New Japan akiwa na suruali fupi nyeusi na mapigo ya enzi za Inoki. Tarehe 9 Aprili 2017, katika ukumbi wa sumo wa Ryogoku, alipambana na Kazuchika Okada kugombea mkanda mkubwa wa chama hicho. Mechi ikiwa imekwenda muda mrefu, Shibata akampiga Okada kichwa kwa kichwa. Mfupa kwa mfupa, bila mkono kati, bila hila. Sauti ilisikika ukumbi mzima. Mchirizi mwembamba wa damu ukamshuka kwenye paji la uso. Alimaliza mechi, akashindwa kama ilivyotakiwa, akatembea hadi nyuma ya pazia na kuanguka. Damu ilikuwa imevuja kati ya fuvu na ubongo. Alifanyiwa upasuaji, na kwa miaka ikaonekana wazi kwamba hatapanda tena.

Hakuna aliyemlazimisha. Wala hakuna aliyemdhulumu; Okada hakufanya kosa. Amana ilikuwa salama mikononi mwa mwenzake, aliyeiharibu ni mwenyewe. Hili ndilo nadharia yangu haiwezi kulimeza kwa urahisi. Risiti ina kiasi. Mapigo haya hayana. Ukishasema kwamba pigo la kweli ndilo linaloipa mechi uzito, huna tena neno la kumzuia anayetaka kuongeza uzito kidogo, na kidogo, na kidogo, na watazamaji, mimi nikiwemo mbele ya skrini, hatuna historia ya kusema basi, imetosha. Tunapiga makofi. Nimeirudia mechi ile. Nikifika pale kwenye kichwa, moyo wangu bado hushtuka kwa furaha kabla haujashtuka kwa hofu, na sina maelezo mazuri ya mpangilio huo.

Shibata akawa mwalimu wa vijana katika kituo cha mazoezi cha New Japan jijini Los Angeles. Tarehe 4 Januari 2022, ndani ya Tokyo Dome, alirudi ulingoni dhidi ya mwanafunzi wake, Ren Narita. Pambano lilikuwa limetangazwa kuwa la kukamatana tu, bila mapigo, kwa sababu kila mtu aliyekuwa na akili alikuwa akikifikiria kile kichwa. Kabla kengele haijalia, Shibata alichukua kipaza sauti na kubadilisha masharti papo hapo: iwe mieleka ya kawaida. Umati ulivuta pumzi kwa pamoja. Narita, kijana aliyefundishwa na mtu huyohuyo, sasa alikuwa amekabidhiwa mwili ambao madaktari walikuwa wameufungua na kuufunga, na alitakiwa aamue, kwa sekunde chache, aupige kwa nguvu gani.

Aliupiga. Shibata naye akapiga. Kichwa hakikutumika.